Giaboksi ya Kampala na Mbuzi wa Abigaïl

Jumamosi ile mtoto wa marehemu kaka yangu alipaswa kupata mke au kumkosa kabisa, na kilichosimama katikati kilikuwa giaboksi.

Mtoto huyo ni Éphraïm. Nimemlea tangu akiwa na miaka tisa. Sasa ana ishirini na minane na anajengea watu nyumba hapa Butembo. Yeye na Abigaïl, binti wa Papa Gamaliel wa Beni, walikuwa wamekwisha kukubaliana. Lililobaki lilikuwa letu sisi wazee: kupeleka mbuzi wa mahari.

Tulijaribu mwezi wa tatu. Kamioneti yetu, lori letu dogo, ilivunjika giaboksi kabla ya kufika Maboya, mahali ambapo simu hazipati mtandao. Kule Beni, katika komini ya Mulekera, Papa Gamaliel alikuwa amealika watu. Walipika wali na sombe ya majani ya muhogo, wakakaa wakitazama barabara mpaka chakula kikapoa, kisha wakakila wenyewe bila mazungumzo. Kesho yake alinipigia simu. Hakupandisha sauti.

“Papa Eliezer,” alisema, “nitawapatia siku ingine moya. Moya tu. Samedi ya mwisho ya mwezi wa ine, saa ine ya asubui. Saa ine ikipita na sijaona mbuzi, mumuambie Éphraïm atafute kwingine.”

“Tumesikia, Papa Gamaliel.”

“Kusikia mulisikia hata mara ya kwanza.”

Katika ukoo wake, baba wa binti hasemi ndiyo kwa kinywa. Anamchukua mbuzi wa kwanza na kumfunga kwa mkono wake mwenyewe kwenye kigingi cha ua wake. Kabla ya hapo, yote yanayosemwa, hata yakisemwa kwa machozi, ni maneno tu. Baada ya hapo, hakuna anayeweza kumfungua mbuzi yule na kumtoa. Kwa hiyo mimi sikuwa natafuta ndiyo. Nilikuwa natafuta fundo moja la kamba.

Giaboksi nyingine ilitoka Kampala, ikapitia Kasindi, ikafika katika karakana ya Maître Maliro pale Furu, hapa hapa Butembo, ikiwa imefungwa ndani ya gunia la kahawa. Maître Maliro ndiye fundi mkuu ninayefanya kazi chini yake. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na minne, lakini namwita Maître kwa sababu ndiye anayejua. Mimi ufundi nilijifunza nikiwa mtu mzima, jioni, baada ya shamba, na daftari langu bado ninalo.

Maître aliizunguka ile giaboksi, akaigonga kwa spana, akasikiliza.

“Boîte ni nzima,” alisema. “Mais inatoka kwa gari ya Uganda, volant iko kuume. Ndani yote ni sawasawa na yetu. Kitu moya tu: levier ya kuchagua vitesse inaangalia upande ingine. Sasa wewe, Papa Eliezer, utafungua kifuniko ya boîte ya zamani, utatoa levier yake. Utafungua ya mpya, utatoa levier yake. Utaweka ya zamani kwa mpya. Umesikia?”

“Nimesikia, Maître. Ya zamani kwa mpya.”

“Ya mpya tutaitupa.”

Magari ya Uganda volant, yaani usukani, uko kulia; yetu uko kushoto. Kazi yenyewe si ngumu. Ule mkono wa kuchagulia gia ni kipande cha chuma kirefu kama kiganja, kimepinda, na kinashikwa na pini moja. Wa zamani na wa Kampala ni kama mkono wa kushoto na mkono wa kulia wa mtu mmoja. Ukiiweka mezani yote ikitazama chini, unaona tofauti. Ukiugeuza mmoja chali, huoni tena. Nililiandika hilo katika daftari. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa akituambia kila mara: weka alama kabla ya kutoa. Chaki ilikuwa mfukoni mwangu.

Lakini katika karakana ya Maître Maliro kuna desturi. Hakuna injini wala giaboksi inayofungwa bila kuombewa. Vipande vyote vya ndani vinapangwa juu ya sinia la bati, mafundi wanasimama kulizunguka, wanaweka mikono juu yake, na mmoja anaomba. Tangu nilipofika, anayeomba ni mimi. Na mimi sikupenda kumwonyesha Mungu vitu vichafu. Mkono wa zamani ulikuwa mweusi kwa mafuta ya miaka mingi. Wa Kampala ulikuwa na kutu nyekundu. Nikaiosha yote miwili kwa petroli, nikaisugua kwa mchanga, nikaifuta kwa kitambaa mpaka ikang’aa sawasawa. Chaki niliiacha mfukoni, kwa sababu niliona si heshima kukichora kitu nilichotoka kukiosha kwa ajili ya sala. Nikaweka wa zamani kushoto, wa Kampala kulia, nikajiambia: Eliezer, kushoto. Kisha nikafumba macho.

Niliomba kwa ajili ya giaboksi, barabara, mbuzi, walinzi wa vizuizi, moyo wa Papa Gamaliel, na wajane wote wa Butembo. Katikati ya wajane, Kasika alifika. Kasika ndiye dereva wa kamioneti, miaka ishirini na miwili katika barabara ya Beni na Kasindi, mtu mwema mwenye miwani ya jua hata siku za mvua. Alitaka naye aweke mkono juu ya sinia, hapakuwa na nafasi, akalizungusha nusu mzunguko ili apate pembe. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilisikia tu bati likikwaruza, nikadhani ni upako.

Nilisema amina, nikafumbua macho, nikachukua mkono uliokuwa kushoto.

Uliingia vizuri. Pini ilikaa. Tulipofika kwenye kuunganisha kebo, kebo ilikataa kidogo kufika. Tukaivuta, ikafika, tukamshukuru Mungu. Nikapaka gundi ya kuzibia, nikafunga kifuniko, nikakaza boliti. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Gundi ile inahitaji saa nyingi ili ikauke, na Maître haruhusu mtu kumwaga mafuta ndani ya giaboksi kabla haijakauka. Kwa hiyo hatukujaribu gari. Tulilijaribu Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbuzi wanane wakiwa tayari nyuma, ndugu watatu wakiwashika pembe, na Éphraïm akiwa amevaa koti la kukodi.

Kasika aliwasha. Akatia namba moja. Gari likakohoa, likazimika. Akawasha tena, likazimika. Mara ya tatu akasema, “Labda iko baridi,” akatia namba mbili. Gari likaenda nyuma taratibu mpaka likaegemea pipa la mafuta machafu.

Mbuzi mmoja akakojoa.

“Papa Eliezer,” alisema Maître Maliro, “ulibadilisha levier?”

“Nilibadilisha, Maître.”

Akalala juu ya katoni, akaingia chini na tochi. Alikaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alipotoka, alikung’uta magoti kwanza.

“Ni kweli ulibadilisha,” alisema. “Ulitoa ya Kampala, ukarudisha ya Kampala.”

Nilikwenda kwenye takataka. Mkono wa zamani ulikuwa juu kabisa, unang’aa.

Hali ilikuwa hivi. Gia za kushoto zilikuwa zimehamia kulia, na za kulia zimehamia kushoto. Mahali pa namba moja palikaa namba tano, na mahali pa tano palikaa moja. Mahali pa namba mbili palikaa gia ya kurudi nyuma, na mahali pa kurudi nyuma palikaa mbili. Tatu na nne, za katikati, zilibaki kwao kama watu wasio na neno. Kurekebisha kungechukua saa moja. Kungojea gundi ikauke kungetuchukua mpaka mchana. Papa Gamaliel alisema saa nne.

“Vitesse zote ziko,” alisema Maître. “Hakuna yenye kupotea. Ni njia tu. Kasika, zunguka uwanja, uizoeze.”

Kasika alizunguka mara tatu. Mara ya kwanza alizima, mara ya pili alirudi nyuma alipotaka kwenda mbele, mara ya tatu alifanya yote mawili. Alishuka akiutazama mkono wake wa kulia kama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni.

“Maître, kichwa inasikia. Mukono haisikie. Miaka makumi mbili na mbili, bwana!”

Maître alinitazama mimi. Leseni yangu ya kuendesha niliipata mwezi wa kumi na moja uliopita.

“Papa Eliezer ataendesha,” alisema.

“Yeye?” Kasika alisema. “Yeye bado anaangaliaka pedali ya embrayage na macho!”

“Ndiyo muzuri. Mukono yake haijajua kitu. Haiko na ya kusahau.”

Sikujua kama nimesifiwa. Maître alichukua chaki kutoka mfukoni mwangu, akachora gia mpya juu ya dashibodi, namba kubwa kama za darasa la kwanza. Akanipa spana, nyundo, tyubu ya gundi, galoni ya mafuta, na ule mkono wa zamani umefungwa katika leso. “Wakisha kusema ndiyo, utatengeneza kule kule,” alisema. Mkono ule niliuweka katika mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

Tuliondoka saa moja. Kila niliposimama na kutaka kuondoka tena, nilisema kwa sauti, “Bwana, moja iko kwa tano,” kisha nikavuta.

“Papa,” Kasika aliuliza tulipopita kizuizi cha pili, “unaomba ao unahesabu?”

“Vyote viwili.”

“Mungu anajua vitesse?”

“Anajua. Mimi ndiye sijui.”

Éphraïm, aliyeketi katikati yetu, alikuwa akitazama saa. Alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili.

Nataka iandikwe kwamba sikukosea gia hata moja mpaka Maboya. Kilichotuchelewesha si mimi. Kwenye mteremko wa Kabasha lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara, na magari yamepangana mbele na nyuma. Tulikaa pale. Saa tatu ikafika, ikapita. Éphraïm alipiga simu kwa kina Abigaïl, akapokea Mama Solange, dada yake Papa Gamaliel, ambaye sauti yake haihitaji simu.

“Muko wapi?”

“Tuko Kabasha, shangazi. Lori imelala mu njia.”

“Kabasha! Mara ya kwanza mulikomea Maboya. Munaendelea muzuri. Mwaka kesho mutafika.”

Akakata. Ndugu walioko nyuma wakauliza amesema nini. Éphraïm akasema anatusalimia.

Lori liliinuliwa saa nne kasoro dakika tano. Tuliingia Mulekera saa tano na dakika kumi. Mtaa mmoja kabla ya nyumba, Kasika alinigusa bega.

“Papa, wewe ndiye utasema maneno yetu. Musemaji hawezi kutoka kwa volant na jasho kama mutu wa kubeba mbao. Nipe. Ni kuingia tu.”

Ilikuwa kweli, na shati langu lilikuwa limeloa mpaka kwenye mkanda. Tukabadilishana. Alisema, “Moja iko kwa tano,” akatia gia, akaingia kwenye ua vizuri kabisa. Nilijivunia.

Ua wa Papa Gamaliel ni mpana. Upande mmoja kulikuwa na kakao imeanikwa juu ya turubai, upande mwingine viti na watu, karibu na ukuta vigingi vinane vipya vimepigwa chini. Niliviona vigingi kabla ya kumwona mwenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya baraza, kofia kichwani, saa mkononi. Mimi nilishuka. Aliinua kiganja.

“Mutu mwingine asishuke.”

Nikasimama pale nilipokuwa.

“Papa Eliezer, ni saa ngapi?”

“Saa tano na dakika kumi na tano, Papa Gamaliel. Kulikuwa lori Kabasha—”

“Sikuuliza lori. Vigingi nilipiga mimi mwenyewe, jana. Nikaamuka saa kumi, nikavaa. Saa ine ikafika. Nikangojea tena dakika makumi tatu, nikisema wako mu njia. Mimi niko muzee wa kanisa. Neno langu ikipita bure mbele ya watu hawa, ni nani atanisikia tena?” Alimgeukia Kasika. “Dereva. Rudisha gari nyuma. Mushike barabara yenu.”

Nilimwona Abigaïl mlangoni, nguo ya njano, mikono imeshika fremu ya mlango. Nilimwona Éphraïm ndani ya gari akimtazama. Hakuna aliyelia. Kasika alivua miwani, jambo ambalo sijawahi kuona, akasema kwa huzuni, “Ndiyo, papa.” Na kwa kuwa alikuwa na huzuni, mkono wake ulifanya kile ulichokuwa ukifanya kwa miaka ishirini na miwili. Ulitia gia ya nyuma mahali pake pa zamani.

Gari likaenda mbele.

Lilikwenda hatua tatu, likasimama kwa breki. Watu wa kwenye viti wakainuka.

“Nimesema nyuma,” alisema Papa Gamaliel.

“Ndiyo, papa. Nyuma.”

Kasika alitokwa jasho, akatazama nyuma juu ya bega ili kuonyesha nia njema, akavuta tena. Gari likaenda mbele mpaka bampa ikagusa nguzo ya baraza. Iligusa kidogo tu. Vumbi lilianguka kutoka kwenye bati, likatua juu ya kofia ya Papa Gamaliel. Yeye hakusogea.

Mama Solange ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

“Gamaliel! Ata gari inakataa! Unaifukuza, inakukaribia!”

Mama mwingine akajibu, wa tatu akaanzisha wimbo wa kanisa, na kabla sijaelewa, nusu ya ua ilikuwa inaimba na kupiga makofi. Mzee mmoja alipiga magoti kando ya kakao. Papa Gamaliel alivua kofia, akakung’uta vumbi, akaitazama bampa iliyoegemea nguzo yake.

“Mara mbili,” alisema kwa sauti ndogo. “Niliifukuza mara mbili.”

Akatembea polepole mpaka nyuma ya kamioneti. Akanyoosha mkono, akashika kamba ya mbuzi wa kwanza, dume jeupe lenye madoa. Ndugu zetu wakalishusha. Akageuka kuelekea kwenye vigingi.

Éphraïm alikuwa ameshuka. Alinitazama. Katika miaka kumi na tisa ya kumlea nimejifunza kusoma uso wake kuliko kitu chochote nilichojifunza jioni, na uso ulisema: Baba mdogo, nakuomba, nyamaza.

Kutoka kamioneti mpaka kigingi cha kwanza ni hatua kama kumi na tano. Nilifanya sala fupi kuliko zote za maisha yangu. Ilikuwa: Bwana, lazima? Nikangoja. Mbuzi alikuwa amefika hatua ya sita. Sikusikia jibu lolote, na nilijua maana yake.

“Papa Gamaliel,” nikasema, “usimufunge bado.”

Wimbo ulikatika kipande kwa kipande, mabesi ya nyuma yakiwa ya mwisho.

“Si Mungu,” nikasema. “Ni mimi.”

“Ni wewe nini?”

Nikaeleza. Nilieleza kuhusu Kampala, usukani wa kulia, petroli, mchanga, sinia, wajane. Kasika akaongeza kwamba sinia alilizungusha yeye, nikamshukuru. Nilitoa leso mfukoni, nikaufungua ule mkono wa chuma mbele ya watu wote. “Huu ndio ungekuwa ndani,” nikasema. “Ungekuwa ndani, gari ingerudi nyuma vile ulisema.”

Mzee aliyepiga magoti akainuka, akapangusa vumbi.

“Huyu papa iko na kichwa kweli?” Mama Solange aliuliza watu wote kwa jumla.

Éphraïm aliketi chini, pale pale, na koti la kukodi. Papa Gamaliel alirudi na mbuzi mpaka kwenye kamioneti, ndugu wakampandisha tena, akaiweka kamba juu ya ubao wa pembeni, wala hakuifunga. Kisha akaja kwangu, akachukua kile chuma, akakigeuza chini na chali.

“Nilikuwa nafunga,” alisema.

“Niliona.”

“Hatua kumi ingine ungekuwa na muke wa mutoto wako. Juu ya nini umesema?”

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya posa kwa wiki mbili. Hakuna hata moja lililofaa.

“Juu kila Noeli tungekuja kukula hapa kwako,” nikasema. “Na ungesimulia wageni ile gari. Na mimi ningekuwa nimeketi pale, na kipande ya nyama mu mukono, ninaangalia chini.”

Alifikiri. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma barua ya serikali.

“Kuchelewa ni kuchelewa,” alisema mwishowe. “Sijabadilisha. Nilisema murudi nyuma, na mutarudi nyuma. Mais na gari yenye kujua nyuma ni wapi. Sitaki iangushe nyumba za watu mu njia. Utaitengeneza hapa, mbele ya macho yangu. Ikishaisha, mutaenda.”

“Ndiyo, Papa Gamaliel.”

Tulisukuma kamioneti kutoka kwenye nguzo kwa mikono. Nilivua koti, nikalala juu ya gunia la kakao, nikamwaga mafuta ndani ya beseni walilonipa, nikafungua kifuniko, nikagonga pini, nikautoa mkono wa Kampala. Nilivitandaza vipande juu ya sinia la chai la Mama Solange, ambaye alitazama sinia lake na kusema kitu kwa Kinande ambacho sitakiandika. Mikono ile miwili ilikuwa pale tena, pamoja, inang’aa.

Abigaïl alikuja, akachuchumaa kando yangu.

“Papa, ya muzuri ni gani?”

Nilimwonyesha. Alitoa chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, ile aliyopaka kwa ajili ya siku hiyo. Akapaka mstari mmoja katikati ya mkono wa zamani, akaupuliza mpaka ukakauka. Kisha akausukuma ule wa Kampala mpaka ukingo wa sinia kwa kidole kimoja.

“Ninyi mulizoea kutembea bila alama?” aliuliza, bila kumtazama Éphraïm.

“Nitabadilika,” Éphraïm alisema kutoka nyuma ya gurudumu.

“Sikusema na wewe. Niko nasema na fundi.”

Nilikuwa karibu kuurudisha mkono ndani, Papa Gamaliel aliposema kutoka kwenye kiti chake, “Kwenu hamuombeke mbele ya kufunga?”

“Tunaombaka, papa. Mais leo nilifikiri—”

“Omba.” Akainuka, akaja, akaweka kiganja juu ya sinia. Wengine wakaja nyuma yake. Nikainamisha kichwa. “Macho wazi,” alisema.

Nilikuwa sijawahi kuomba macho wazi. Niliutazama mstari mwekundu na kusema maneno machache. Watu wote waliutazama nao. Wajane niliwaweka katika neno moja. Tukasema amina, nikauchukua mkono wenye rangi, nikawaonyesha wote, wakaitikia kwa vichwa, nikauingiza.

Safari hii kebo ilifika bila kuvutwa.

Nikapaka gundi, nikafunga, nikatoka chini.

“Imeisha?” aliuliza Papa Gamaliel.

“Imeisha. Mais gundi lazima ikauke.”

“Dakika ngapi?”

“Saa tano, papa. Ao saa ine, juu Beni iko joto.”

Alitazama saa yake kwa muda mrefu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa taratibu namna ile. Chakula kilikuwa kimepikwa, na watu walioalikwa walikuwa na njaa, na sisi tulikuwa pale. Mama Solange akaja na sahani, akazitua mbele yetu kwa kishindo. “Mukule basi. Mara ya kwanza tulikula peke yetu, haikuwa na utamu.” Tukala wali na sombe. Kasika alirudisha miwani machoni. Papa Gamaliel aliniuliza kuhusu bei ya viazi vya Alimbongo, nikajibu, nikamuuliza kuhusu kakao, akajibu. Mambo ya posa hayakutajwa.

Jua lilipokuwa kali, ndugu zetu waliuliza kama wanaweza kuwashusha mbuzi, kwa sababu walikuwa wanahema juu ya bati. Papa Gamaliel alisema mbuzi hawana kosa. Wakashushwa. Hawakukaa dakika kumi. Lile dume jeupe lilitangulia, wengine wakafuata, wakapanda juu ya turubai na kuanza kula kakao.

Papa Gamaliel aliinuka akipiga makofi. Aliwafukuza, wakazunguka upande wa pili. Aliwafukuza tena. Alishika kamba ya dume jeupe, akalivuta mpaka kigingi cha kwanza, akainama, akafunga fundo. Akaenda kuchukua wa pili, akamfunga. Alipoinuka kutoka kwa wa tatu ndipo alipogundua kwamba ua wote umenyamaza, na kwamba Mama Solange ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

“Munaangalia nini?” aliuliza. “Zinaniharibia kakao.”

Akafunga wa nne. Alimfunga bila haraka, mafundo mawili, akayajaribu kwa kuyavuta. Akafunga mpaka wa nane. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akarudi kuketi kando yangu.

“Viazi vya Alimbongo,” alisema. “Ulikuwa unasema.”

“Wasingya, Papa Gamaliel,” nikasema, maana shukrani kama ile haitoki kwangu isipokuwa kwa lugha ya mama.

“Mimi nilisema nini? Niliuliza viazi.”

Éphraïm hakufika kwenye viazi. Alikuwa amesimama karibu na vigingi, anawahesabu mbuzi kwa kidole, anamaliza, anaanza tena. Abigaïl alimletea kiti, akakiweka, akaingia ndani.

Saa kumi na moja kasoro robo niligusa gundi kwa ukucha. Ilikuwa imekauka. Nikamwaga mafuta ndani, nikanawa, nikavaa koti. Papa Gamaliel alitusindikiza mpaka mlangoni mwa kamioneti, akamwambia Kasika, “Rudisha gari nyuma.”

Kasika alinitazama. Nikafuta chaki iliyokuwa juu ya dashibodi kwa kiganja. Akatia gia ya nyuma mahali pake, akaachia klachi.

Gari lilirudi nyuma vizuri kabisa, moja kwa moja, mpaka barabarani. Hakuna aliyepiga kigelegele.